Fisi Mwenye Mikono ya Mama

Nikisikia harufu ya nta ya nyuki ikiyeyuka motoni, narudi Iringa, uani kwetu, miaka ile ya hamsini nikiwa binti wa miaka minane. Baba alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba na bati, akitengeneza bushi, zile pete za shaba zinazoshika mhimili wa mashine za kusaga. Mama alikuwa Msafwa wa Mbeya, mgeni mtaani, na ndiye aliyesaidia kumuuguza mtoto wa jirani yetu, Mama Lusi, alipopatwa na surua. Mtoto akafariki. Wiki haikupita, watu wakaanza kunong'ona kwamba mama ni mchawi, tena fisi mwenyewe, anayegeuka usiku. Bombani walimpisha kimya kimya. Akaacha kwenda hata kanisani.

Baba hakugombana na mtu. Siku nne alifinyanga nta, akaifunika kwa udongo, akachoma mpaka nta ikatoka yote, halafu akamimina shaba yake humo. Alipovunja udongo nilipiga kelele kwa furaha. Fisi! Mgongo umeinama, masikio ya mviringo, lakini miguu ya mbele ilikuwa mikono ya mwanamke, imempakata mtoto aliyelala. Wenzangu, sijaona tena kitu kizuri vile. Baba akamweka barazani, kila apitaye amwone.

Mtaa ukachafuka. Mama Lusi akaja mwenyewe, kanga kaifunga kiunoni, anafoka.

"Baba Neema, hata haya huna? Mwanangu hana hata mwezi kaburini!"

Akainama amnyanyue fisi amtupe. Mkono ukasita. Kidole kidogo cha yule fisi kilikuwa kimepinda, kama cha mama kilichoungua zamani. Siku tatu mfululizo alikuwa amekiona kidole hicho kikikamua kitambaa cha maji juu ya paji la mwanawe. Akakigusa. Akaketi palepale chini, akalia. Mama akatoka ndani, akaketi naye. Sikusikia walichosema, niliwaona tu jioni wakienda bombani pamoja.

Mimi nilidhani baba kabuni mnyama wa ajabu wa kutufurahisha watoto. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza mama kwa nini baba hakuunda njiwa au kondoo, watu wasikasirike. Mama akacheka sana.

"Njiwa? Neema mwanangu, nani aliwahi kuniita njiwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba alilichukua jina lile lile walilompa mama, akaliweka barazani mchana kweupe, walitazame vizuri.