Utabiri wa Msimu kwenye Kibao cha Lituma

Nianze na ujinga wenyewe, kabla mtu wa mtaa wetu wa Kabondo hajakusimulia kwa namna yake. Nilifuta orodha ya vyakula kwenye kibao cha mama, nikaandika mahali pake utabiri wangu wa msimu mpya wa ubingwa, timu moja baada ya nyingine, na chini kabisa nikaongeza mstari ambao hakuna mtu aliyeniomba: «Timu ya jiji letu isiposhinda mechi ya kwanza, Jumatatu lituma ni bure kwa wote.»

Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilidhani ninachekesha. Sasa nina kumi na saba. Bado nadhani nilichekesha, ila kidogo.

Mama ana malewa, kibanda cha chakula, kando ya parking ya toleka. Toleka ni zile baiskeli zinazobeba watu mjini kwetu, na mtu aliyepiga pedali tangu alfajiri hana mchezo na sahani. Sifa ya mama si pondu yake ya majani ya muhogo, ingawa ni tamu, wala lituma yake, ile ndizi ya kupika iliyotwangwa mpaka ikaacha ubishi. Sifa yake ni kibao. Kwa wamama wengine unasoma «samaki», unaketi, unanawa, ndipo unaambiwa samaki ameisha tangu jana. Kwa mama, kilichoandikwa kipo. Pirogi za Isangi, mitumbwi inayoleta samaki, zikichelewa, samaki haandikwi, hata kama harufu yake ingali inazunguka kibandani. Watu wa toleka husema kibao chake ni kama cheti cha ubatizo, hakuna anayekibishia.

Mwandishi wa kibao ni mimi, kila asubuhi kabla ya shule. Mwalimu wetu wa Kifaransa aliwahi kusema mwandiko wangu ni mzuri kuliko mambo ninayoandika. Niliichukua kama sifa.

Asubuhi hiyo mama alikuwa ameenda sokoni, chaki ilikuwa mpya, na mechi za kwanza zilikuwa zimebaki siku tano. Nikaandika kama orodha ya chakula, ili wateja wasistuke. Timu ya jiji letu: lituma ya moto, inashibisha, nafasi ya kwanza. Timu kubwa ya Kinshasa: fufu mlima, mboga kijiko, nafasi ya tatu. Matajiri wa Lubumbashi: nyama ya harusi, wataongoza mpaka wageni waende nyumbani. Timu ya Goma: madesu, yaani maharagwe, yanachelewa kuiva, tuwasubiri mzunguko wa pili. Na wale wageni wetu wa mechi ya kwanza, timu changa iliyopanda daraja mwaka huu: wali wa jana, hata usiupashe moto, nafasi ya mwisho.

Ukiniuliza elimu hiyo ilitoka wapi, nitakwambia: jezi mpya, picha za kwenye simu, na nywele za wachezaji. Niliamini kabisa kwamba winga mwenye nywele za rangi anakimbia kuliko mwenye nywele za kawaida.

Wa kwanza kusoma alikuwa Prezida. Huyo ni mkubwa wa parking, mzee anayevaa miwani yenye kioo kimoja na kusema kile kingine kinapumzika. Alisoma kwa sauti, wengine wakakusanyika na baiskeli zao, wakacheka kwa kila timu. Alipofika mstari wa mwisho aliurudia polepole, akavua kofia.

«Petit,» akaniambia, «mama yako anajua hii?»

«Kibao ni cha mama, Prezida.»

«Bon. Basi anajua.»

Kijana mmoja wa toleka, mwembamba kama spoku, akatoa simu akapiga picha. «Juu ya archives, ya kumbukumbu,» akasema.

Mama akafika na beseni kichwani. Hakulishusha. Alisoma hivyo hivyo, beseni juu, midomo ikitembea kidogo.

«Hii mukono iko ya nani?»

«Iko yangu, mama.»

«Na lituma iko ya nani?»

Nikatazama baiskeli.

«Nimeuliza.»

«Iko yako, mama.»

Nikaruka na kitambaa nifute. Akanishika kifundo cha mkono, na beseni halikutikisika hata kidogo.

«Acha. Wamekwisha kusoma.»

Prezida akajaribu kusaidia. «Mama, mutoto alicheza tu. Sisi tunaweza kusahau.»

«Yeye kijana mwenye simu atasahau?» mama akauliza.

Kijana mwembamba akaiangalia simu yake. «Mimi naweza, mama. Simu haiwezi.»

Kwa hiyo utabiri ulibaki pale wiki nzima, na mama akawa anataja vyakula kwa mdomo, mteja kwa mteja, kama anayesoma majina ya wafu kwenye misa. Kila mara alipomaliza alinitazama. Nilikuwa najua hesabu yake bila kuambiwa: siku moja ya sufuria tupu inakula makala, yale makaa ya kupikia, mafuta na samaki wa siku tatu zinazofuata. Na akikataa kulipia mstari wangu, kibao chake kinakuwa kama vibao vingine.

Jumatano, tukichambua majani ya pondu, akaanza maswali. Mama hajui mpira. Anadhani kona ni adhabu.

«Hao wa kwetu, uliwaona wakicheza?»

«Msimu haujaanza, mama.»

«Mazoezi?»

«Niliona picha.»

Akachambua majani matatu au manne. «Donc uliandika samaki bila kufika mutoni.»

Nikavuta fungu jingine la majani. Akaendelea, «Na gardien iko nani?»

Hapo nilikuwa na jibu. Golikipa wetu alikuwa ndiye nguzo ya utabiri wangu wote, jamaa mrefu ambaye msimu uliopita aliokoa penalti mbili siku moja. Nikamweleza mama kwa mikono, mpaka majani yakamwagika.

«Yule murefu?» akasema. «Wa sahani mbili za madesu, hapendi pilipili?»

«Unamjua?»

«Alikuwa anakula hapa kila Alhamisi. Alikuja kuniaga. Ameenda kucheza Kinshasa, na wenzake wawili.»

Nikauliza lini. Akasema kabla ya ile mvua kubwa, yaani wiki tatu zilizopita.

«Mama, mbona hukuniambia?»

«Uliniuliza?»

Mtabiri mzima, niliyekuwa nachunguza nywele za watu wa Lubumbashi kwenye simu, kumbe aliyekuwa analisha timu yetu naishi naye nyumba moja. Sijawahi kujihisi mdogo namna ile mbele ya majani. Usiku ule nilisali kwa ajili ya golikipa mpya nisiyemjua hata jina.

Jumamosi kijana mwembamba alinipeleka uwanjani bila kudai chochote. «Mashahidi hawalipi,» alisema. Nilikaa katikati ya watu wa parking. Hawa ni watu wanaoipenda timu yetu mpaka wanaamka wagonjwa ikifungwa. Ila siku hiyo kulikuwa na jambo.

Golikipa mpya aliupokea mpira wa kwanza kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani aliyelowa. Ukamponyoka, wale wageni wakausukuma ndani. Moja bila. Nikasikia nyuma yangu mtu anapiga makofi, mara mbili tu, halafu akaacha kwa aibu.

«Nani alipiga?» Prezida akageuka.

«Mbu,» mtu akajibu.

Kipindi cha pili tukasawazisha. Niliruka peke yangu. Watu wa parking walisimama, wakainua mikono, kisha wakatazamana, na mikono ikashuka taratibu. Ilikuwa inaonekana kabisa: roho zao zilikuwa uwanjani, matumbo yao yalikuwa Jumatatu. Mmoja alikuwa anaimba wimbo wa timu yetu huku amefumba macho kila tunaposhambulia.

Dakika za mwisho, wali wa jana wakapata faulo mbali sana, karibu na katikati ya uwanja. Yule golikipa akatoka mbele, sijui kumfuata nani, na mpira ukapita juu yake bila haraka. Mbili kwa moja. Prezida aliketi, akavua miwani, akafuta kioo kile kimoja. Machozi yalikuwa ya kweli. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, «Lituma itakuwa na samaki?»

Ninapoandika haya msimu ungali unaendelea, na wale wageni wako nafasi ya tatu. Katika orodha yangu yote nilipatia madesu ya Goma tu, ambayo kweli hayajaiva.

Nilirudi kwa miguu ili nichelewe. Mama alikuwa amekwisha kusikia. Kabondo haihitaji redio. Hakupiga kelele. Alikuwa ananoa kisu, na mama akinyamaza afadhali akuchape.

«Nitafuta kibao, mama. Nitawaambia ni mimi, waje wanipige.»

«Watakupiga, halafu watakula nini?»

Jumatatu akaniamsha saa kumi na moja. Nilikuwa nimeshika mchi kabla macho hayajafunguka vizuri. Ndizi zilizokuwepo, nilizihesabu, zilikuwa za siku ya kawaida, na watu wa parking peke yao wangezimaliza. Mama aliziona, akafunga kitambaa kichwani, akawasha makala.

Ndipo tukasikia baiskeli. Prezida alikuwa amefunga mikungu miwili ya ndizi nyuma ya kiti, mahali anapokaa abiria, akaishusha kama anamshusha mke wa gavana.

«Prezida, leo ni bure,» mama akamwambia. «Iko kwenye kibao.»

«Nimesoma, mama. Kibao kinasema kula ni bure. Hakisemi kubeba ni kosa.»

Akaondoka kabla hajashukuriwa. Baada yake akaja kijana mwembamba na nusu mfuko wa makala, akasema ameuokota, na alikuwa anadanganya vibaya. Mwingine akaleta samaki wa kukaushwa aliotumiwa na dada yake wa Basoko, amewafunga kwa gazeti. Si wote walioleta. Wengine walileta binamu. Lakini nilipokuwa natwanga, malengelenge yakipanda kwenye viganja, nilijikuta nacheka peke yangu, na mpaka leo sijui kuwashukuru wale watu kwa maneno yasiyo ya mzaha. Kwa hiyo nasema hivi: Mungu awape abiria wepesi na barabara isiyo na mashimo.

Nikaenda shule nikinuka moshi. Mchana nikarudi mbio, nikakuta mstari wa watu umepita kibanda cha kinyozi. Nilikuwa nimeandika «kwa wote», na wote walikuja. Watu wa toleka, wasuka nywele, wanafunzi wa darasa langu mwenyewe, ambao nilikuwa nimewatangazia kwa majigambo wiki nzima. Katikati yao, ameshika sahani yake ya bati aliyokuja nayo kutoka nyumbani, alisimama mwalimu wa Kifaransa.

«Nimesoma kazi yako,» akaniambia nikimwekea bonge la lituma. «Mwandiko, muzuri sana. Mawazo, utarudia mwaka.»

Nilimwongezea samaki.

Mama alipima kila bonge kwa kiganja, bila haraka, sawa kwa mkubwa na mdogo. Kila sufuria iliyokwisha aliigeuza chini juu, nami nilihesabu watu waliobaki na kuogopa. Watu tisa, sufuria moja. Watu wanne, nusu ya nusu. Nilimwona akipunguza kidogo, unene wa kidole tu, hakuna aliyejua ila mimi niliyekaa karibu. Wa mwisho alikuwa kijana mwembamba. Mama alikwangua pembeni zote, akakusanya, akafinyanga, likatoka bonge zima, duara, kama mengine. Akampa. Kijana alilitazama, akatoa simu, akaifuta ile picha mbele ya mama, kisha akaketi kula.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimuaga mama kwa mikono miwili. Prezida aliinamisha kichwa mpaka miwani ikamdondokea mkononi. Mama alichukua kitambaa chenye maji, akafuta kibao mwenyewe, timu zote, kutoka juu mpaka chini, akakiegemeza ukutani kikauke. Halafu akaketi kwenye kigoda, akavua kandambili, akanyoosha miguu. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya sahani chafu, mikono nyuma, nikisubiri yangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha, yenye sehemu tatu. Sikufika hata ya kwanza.

Mama alisema hivi, neno kwa neno: «Sahani yako iko nyuma ya mufuko ya makala. Niliificha asubuhi, sikuwa na imani na hawa batu. Kula kwanza. Kasirani yangu nitaianza ukimaliza.»