Ngozi ya Binti Yangu

Nyumba yetu hapa Kolwezi iko kando ya barabara ya malori ya madini, na kiangazi vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Binti yangu alipoanza kujikuna viwiko na nyuma ya magoti, nilisema ni uchafu. Nilimsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka damu ikatoka. Akijikuna tena, nilimchapa kwa kandambili. Nilidhani huko ndiko kulea.

Likizo nilimpeleka upande wa Dilolo kwa mama yangu, nkambo wake, katika kijiji kisichopitiwa na lori. Alirudi baada ya mwezi, ngozi laini. Siku ya nne akaanza tena kujikuna. Nilimpiga kofi, akaanguka.

Muuguzi wa zahanati nilikompeleka alimtazama akasema ni ukurutu, na kwamba vumbi na moshi wa hapa ndivyo vinavyouchokoza. Tulipotoka, lori la kwanza lililopita nililirushia jiwe. Dereva hata hakugeuka. Jiwe la pili likiwa bado mkononi mwangu, binti yangu alinivuta kitenge.

"Mama, kwa nkambo habakunipiga. Njo maana nilipona."