Shangazi Alivyoipima Simu ya Dawa

Shangazi yangu ameuza dawa kwenye duka moja kwa miaka kumi na tisa. Wateja humwita Mama Lebo, maana hakupi dawa kabla hajakusomea maandishi ya boksi, hata yale madogo kama sisimizi.

Mwaka jana duka lake na mengine kumi na moja yalichaguliwa kujaribu programu mpya ya simu. Unapiga picha alama ya boksi, simu inakwambia kama dawa ni halali au ni bandia. Baada ya miezi mitatu, kila muuzaji angesema kama inafaa.

Wiki ya kwanza aliipenda. Ya pili, alifungua dawa ya kikohozi ya watoto iliyokuwa kwenye rafu ya dirishani, inapigwa na jua mchana kutwa. Rangi imebadilika, harufu inakereketa puani. Akapiga picha boksi lake. Simu ikawaka kijani: salama.

"Salama kwa nani?" akaniuliza, utadhani mimi ndiye niliyeitengeneza.

Akaiondoa rafuni, akafungua daftari. Tangu siku hiyo aliandika joto la kila rafu, simu imesema nini, na macho yake yameona nini.

Miezi mitatu ilipoisha, siku ya mkutano wa kutoa maoni, nilimsindikiza. Wauzaji wenzake walisema programu ni nzuri, nzuri sana. Zamu yake ilipofika, akatoa boksi tupu mkobani na kumpa mhandisi aliyeitengeneza programu alipige picha. Kijani.

"Mwanangu," akasema, "simu yako inasoma boksi. Mgonjwa anakunywa kilichomo ndani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhandisi akanuna.

"Mama, sisi tulitaka kukamata dawa bandia tu."

"Na iliyoharibika je, inaponya?"

Jumatatu mhandisi alikuja dukani mwenyewe, akakaa kwenye stuli siku mbili akinakili daftari lote. Programu iliporudi ikiwa imerekebishwa, haikutoa kijani mpaka muuzaji aandike joto la rafu na kukagua dawa yenyewe kwa macho.

Siku hizi shangazi ndiye anayewafundisha wauzaji wa maduka mengine. Na baba yangu, mdogo wake, aliyezoea kumtania kwamba kazi yake ni kuhesabu vidonge, humsimamisha hata fundi baiskeli njiani: "Unaijua ile programu ya dawa? Basi dada yangu huyo!"

Shangazi akisikia hujifanya kakasirika. Ila kumkataza, hajamkataza hata siku moja.