Mashine Zilizozimwa kwa Heshima ya Mgeni

Bosi wangu wa Mwanjelwa, Mbeya, alikuwa na msemo mmoja aliodhani ni hekima: kelele ndiyo kazi. "Karakana ikinyamaza, mjue tumekufa njaa," alituambia, kisha huyoo, anarudi ofisini kwake na kufunga mlango, na dirisha, na pazia. Simu yake ikiita, alitoka hadi barabarani kuipokea. Mteja wa maana akija, tuliamriwa tuzime mashine ili wapatane bei kistaarabu. Kwa hiyo kelele alizijua vizuri sana. Alichokuwa hataki kujua ni kwamba na sisi tuna masikio.

Tulitengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni. Bati linakatwa, linakunjwa, kisha linaunganishwa kwa mashine tuliyoiita spoti. Ina ncha mbili za shaba, moja juu na moja chini. Unaweka bati katikati, unakanyaga pedali, ncha zinabana, umeme unapita, na nukta moja imeshika. Unasogeza bati, unakanyaga tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Wapo wajuaji wanaosema spoti ni mashine ya kimya, ati kwa sababu hairushi cheche nyingi kama ile ya kuchomelea mageti. Wajuaji hao hawajawahi kukaa nayo chumba kimoja. Za kwetu ziliendeshwa kwa upepo wa kompresa. Ncha zikibana, kishindo. Zikiachia, upepo unafyatuka kwa mlio wa kukata. Na bati lenyewe, jembamba lisilo na haya, linatetemeka na kupiga yowe. Zilikuwa tatu, chini ya paa la bati, na pembeni wenzetu walinyoosha kona kwa nyundo. Dawa ya yote hayo, kwa maoni ya bosi, ilikuwa pamba. Tena si pamba ya dukani, ni ya godoro kuukuu lililotupwa stoo.

Asubuhi moja nilitoka uani nikakuta ndoo zimefurika na udongo umelowa chepechepe. Nikamuuliza mke wangu nani amemwaga maji yote haya. Alinijibu kwa kuonyesha mawingu kwa kidole. Mvua ya Mbeya ilikuwa imelipiga paa letu usiku kucha, na mimi nimelala fofofo chini yake.

Daktari hakunizungusha. Kilichokwenda hakirudi, alisema, ila kilichobaki kinaweza kulindwa nikivaa vikinga masikio, vile vikubwa vinavyofunika sikio lote. Nikampelekea bosi habari hiyo. Alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Serikali ikija ikasema kelele zimezidi, nawanunulia wote," alisema. "Lakini siwezi kununua kwa maneno ya daktari. Yeye fundi?"

Basi nikaisubiri serikali. Na sikuisubiri kwa ajili ya kusikia redio wala soga za vijiweni. Nilitaka nibakiziwe masikio ya kumsikia mama yangu. Mama anaishi Iringa, na ni Mhehe wa zile salamu ndefu za chini chini. Kwake kupaza sauti ni dalili ya ugomvi au pombe. Ukifika nyumbani kwake hakusalimii hivi hivi. Kwanza redio inazimwa, anayetwanga anaweka mchi chini, watoto wananyamazishwa, nyumba inatulia kabisa. Ndipo anakusogelea na kusema "kamwene" kwa sauti ndogo, kisha anakuuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja, kwa sauti hiyo hiyo. Maisha yake yote hakuwahi kunipandishia sauti. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Serikali ikaja ikiwa na tai na viatu vilivyong'arishwa. Mkaguzi wa usalama kazini alikuwa mnene wa wastani, na mkononi alishika kipima kelele, kidude kama rimoti ya televisheni chenye sponji nyeusi kichwani. Alipokanyaga tu kizingiti, mashine zote zikiwa zinaunguruma, alikibana kidude chake kwapani na kuziba masikio kwa mikono miwili. Nilimwona kwa macho yangu. Moyo ukanitulia, nikajua leo imekwisha.

Sikujua naishi na watu wenye adabu. Mwenzangu wa kwanza akazima mashine, akavua kofia. Wa pili akazima, akajifuta mikono kwenye suruali. Wenye nyundo wakaziweka chini taratibu. Mgeni ameingia, nani atamsalimia mgeni katika makelele? Mimi nilibaki nakanyaga pedali. Nilikanyaga kwa nguvu, nikagonga nukta juu ya nukta kwenye tranka la mtoto wa watu mpaka bati likatoboka. Msimamizi wetu, Mnyakyusa mtu mzima, mpole, akanijia amekunja uso kwa aibu, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu na kukata umeme wa ukutani.

"We vipi? Mgeni anaingia, we unakanyaga tu?" alisema. "Kwenu hamna salamu?"

Mkaguzi alishusha mikono, akatabasamu. Akasalimia, akasalimiwa. Bosi akatoka ofisini, akaomba mmoja wetu afungue kwa sala, na mmoja wetu akafungua kwa sala, tena ndefu, akiombea mikono ya mafundi na safari ya mgeni. Wakati wa "amina" mkaguzi alikuwa ameshakitoa kidude kwapani na kukiinua juu, anapima. Akakizungusha huku na huku kama padri anayenyunyiza maji ya baraka. Akasoma, akaridhika.

"Hapa pametulia," alisema. "Darasani kuna kelele kuliko hapa."

Nilimwambia tuwashe mashine apime tena. Bosi akacheka. Wenzangu wakatazama chini, wamenionea aibu mimi, si yeye. Mkaguzi aligeukia ofisini, ambako kuku wa kuchoma alikuwa ameshaanza kunukia, kisha akanijibu kwa upole wa mtu anayemsaidia mjinga.

"Kaka, kipimo ni kipimo. Nimeshapima."

Mtu aliyeziba masikio kwa mikono yake mwenyewe. Mpaka leo sijapata tusi linalomtosha. Bosi namwelewa, ni mchoyo, na mchoyo unamjua. Lakini huyu alisomeshwa kelele mpaka akapewa kidude cha kuzipimia, akaja kupima sala. Alipoondoka tuliwasha mashine, na kila nilipouliza vikinga masikio nilijibiwa kwamba serikali imepima, tatizo ni masikio yangu. Nilikuwa na watoto wanaosoma, sikuwa na pa kwenda. Niliendelea kukanyaga.

Krismasi ile nilikwenda Iringa. Mama alipoona naingia alizima redio. Dada yangu, anayeishi naye, akaweka mchi chini. Watoto wakanyamazishwa, nyumba ikatulia kwa heshima yangu, na katika utulivu ule mimi peke yangu nilikuwa nasikia mashine, mlio mmoja mwembamba usiokatika. Mama akanisogelea. Niliona midomo yake ikienda. Nikatabasamu, nikangoja aanze, kumbe alikuwa ameshaanza, na alikuwa anangoja jibu. Alirudia. Kisha akamgeukia dada yangu na kumwambia kitu, macho yamemlowa. Dada akaja sikioni kwangu, akapiga kelele.

"Anauliza amekukosea nini, mbona humwitikii!"

Mama aliruka kwa ile sauti. Tulimweleza, yaani dada alimweleza. Siku zilizobaki alijaribu kunifokea salamu, mishipa imemtoka shingoni, na kila akimaliza alitazama mlangoni kuona kama majirani wanadhani tunagombana. Nilimwomba aache. Nilimchukia mkaguzi yule kuliko siku aliyopima.

Krismasi iliyofuata nilikwenda tena. Niliingia, mama akainuka, akanishika mikono yote miwili, akaniketisha. Dada aliendelea kutwanga, watoto waliendelea kukimbizana. Redio ilikuwa pale pale juu ya kabati, na taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka. Hakuna aliyekwenda kuizima.