Koti la Mashineni

Siamini kitu cha bei rahisi, na cha bei ghali nacho siamini mpaka nikichome. Nikienda kununua kitambaa naomba ncha ya uzi, nawasha kiberiti mbele ya muuzaji, halafu nanusa. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika vidoleni. Ya uongo inayeyuka na kuwa kidonge cheusi kama plastiki, kwa sababu ni plastiki. Wauzaji wa Moshi mjini wananifahamu. Wapo ambao wakiniona natokea kwenye kona hufunga duka kwenda kuswali, hata kama saa ya swala bado.

Koti langu lilipita mtihani huo. Nilinunua kitambaa, nikakipeleka kwa fundi mmoja ambaye ukoo wake umewashonea watu wa mji huu tangu enzi za babu yake, kisha nikaomba kiti. Akaniuliza kiti cha nini. Nikamwambia nitakaa pale mpaka amalize kukata, maana mafundi wana tabia ya kukibania kitambaa cha mtu na kumtolea mtoto wao kaptula.

"Mzee wangu," alisema, "hata maiti hailindwi hivi."

Nilikaa. Koti likatoka na bitana nzito, mifuko mikubwa na vifungo vya pembe. Bei sitaitaja, kwa sababu mke wangu anasoma ninachoandika.

Sisi tunakaa Machame ya juu, na huku mwezi wa saba si mchezo. Kila alfajiri nililivaa koti langu nikashuka Mabogini, ambako nina mashine ya kukoboa mpunga. Kule bondeni joto linaanza kabla chai haijapoa. Kwa hiyo nikifika nalivua, nalitundika kwenye msumari ulioko ukutani juu kidogo ya mashine, nashinda na shati, na jioni nalivaa tena kurudi mlimani. Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka na miaka. Koti lilianza na rangi ya kahawa iliyokaangwa, likaishia na rangi ambayo haina jina. Viwiko vilipotoboka nikaweka viraka vya ngozi. Bitana ilipochoka nikabadilisha bitana. Wenzangu walinunua makoti yanayong'aa Krismasi na kuchanika Pasaka, nami niliwatazama tu. Rahisi huvunja upishi. Niliapa kwamba koti lile lingeniacha lenyewe, mimi nisingeliacha.

Kumbe na wao walikuwa wananitazama.

Ningepaswa kushtuka mapema, mtu wa kushuku kama mimi. Mama aliyefagia pale mashineni alifagia kila mahali isipokuwa chini ya ule msumari. Nilidhani ni uvivu, nikawa nafagia mwenyewe. Wateja walipenda kupitishia magunia mlango wa nyuma, ingawa wa mbele ndio mpana. Nilishuku kwamba wananiibia pumba, nikaweka kufuli. Mashine za jirani zikafungwa moja baada ya nyingine, hii kwa umeme, ile kwa ugomvi wa ndugu, na yangu ikaendelea kunguruma kwa sababu naipaka grisi mwenyewe na simruhusu fundi yeyote kuigusa nikiwa sipo. Watu walikuwa na maelezo mengine. Mimi sikuwa nayajua.

Halafu kuna ile Krismasi. Desemba kila mtu wa kwetu anarudi kwenye kihamba, shamba la ukoo wa baba yake, awe anafanya kazi Dar au ughaibuni. Binti yetu anafundisha shule mjini, na ndiye mtoto wetu wa pekee. Nilimfuata kwa pikapu, tukakwama kwenye matope karibu kabisa na nyumbani, ikabidi tupande kwa miguu huku mvua inanyesha. Alikuwa na kiblauzi cha mjini, anatetemeka. Nikavua koti langu nimfunike mabegani. Aliruka pembeni kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Hapana, baba. Niko sawa."

Meno yake yaligongana mpaka mlangoni. Nikajisemea, ndio vijana wa siku hizi hao, anaona aibu kuvaa kiraka. Niliumia, lakini sikumwambia.

Mwaka huu akapata mchumba. Kijana wa Tarakea, ana biashara yake huko mpakani, ana adabu, shikamoo yake anaitoa kabla hujamwona. Nilimshuku kwa sababu ya viatu vyake, vilikuwa vipya mno. Lakini binti yangu alimpenda, na alipomtazama uso wake ulikuwa kama wa mama yake siku zile za ujana wetu, nikanyamaza. Ndugu wa kijana wakaja kujitambulisha. Wakanywa pombe ya mbege, wakala ndizi na nyama, wakacheka hadithi zangu, wakaahidi kurudi kuzungumzia mahari.

Hawakurudi. Wiki zikapita. Binti alikuja nyumbani kila Jumamosi amepungua, simu mkononi, anaitazama kama chungu kisichotaka kuchemka. Kijana alipokea akipigiwa, lakini kila akiulizwa habari ya wazee wake alisema wanajipanga. Ndoa ilikuwa inamponyoka mtoto wangu, na hakuna aliyekuwa tayari kusema kwa nini.

Mimi nikafanya ninachokiweza, nikashuku. Nilishuku kwamba kijana ana mke upande wa pili wa mpaka. Nilishuku mtori tuliowapa ulizidi chumvi. Nilimshuku mshenga wao, ambaye alikunywa mbege ya upande wao na ya upande wetu pia. Mke wangu alinisikiliza huku anamenya ndizi, mpaka nikamaliza.

"Ni koti," akasema.

"Koti gani?"

"Wewe una makoti mangapi?"

Akanieleza bila kuinua macho. Kwamba Mabogini yote inasema koti lile nilipewa na mganga. Kwamba ndilo linaloendesha mashine, ndiyo maana nalitundika juu yake. Kwamba sharti ni nilivae mpaka liishe, na kabla halijaisha nimvike mtu wa damu yangu, na huyo nitakayemvika ndiye kafara. Na maneno hayo yalikuwa yamepanda gari la mpunga mpaka Tarakea. Watu wanasema ndiyo maana tuna mtoto mmoja, akaendelea, kwamba zile mimba zilizoharibika nilizitanguliza mimi.

"Na wewe umeliamini hilo?"

Alimenya ndizi nzima kabla ya kunijibu.

"Zamani," alisema.

Akaniomba nilichome. Nikakataa. Nikilichoma, watasema nimeficha ushahidi. Nikilitupa, watasema nimekiri. Nikinunua jingine, watasema mganga amenibadilishia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo watu wanavyopenda kusema, na ukishasemwa hivyo huna pa kutokea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila sikujua kama walikuwa wanalizungumzia koti langu. Nikamwambia mke wangu awatumie ujumbe wale watu: waje waniulize kwa midomo yao.

Walikuja asubuhi ya ukungu, shangazi wa kijana akiwa mbele. Ni mama mnene, mfanyabiashara wa maharage, ana sauti ya kupangia bei. Nyuma yake mshenga, kisha kijana mwenyewe, ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimevaa koti. Mke wangu alikuwa amenitazama nikilivaa.

Kabla ya kukaa, shangazi alifungua mkoba wake, akatoa jani la sale, akaliweka mezani mbele yangu. Kwetu jani hilo ni neno zito. Aliyekukosea akikuletea sale, umesamehe, na kulikataa ni kujitafutia laana. Lakini siku zote linaletwa baada ya kosa. Huyu mama alikuwa amelileta kabla.

"Mkwe," alisema, "naomba nisamehewe kwanza, halafu ndiyo nikukosee."

"Umeshanifunga mdomo kwa jani lako," nikamjibu. "Kosea."

"Binti tunampenda, Mungu anajua. Ila lazima tujue anakuja na nini nyumbani kwetu. Hilo koti ni la nini?"

"La baridi."

Hakuna aliyecheka. Nikaanza kueleza. Nikaeleza habari ya sufu na bitana. Nikaeleza jinsi nilivyokaa kwa fundi kulinda kitambaa changu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikisikika muongo. Nikafika kwenye kiberiti, kwamba nilichoma uzi nikaunusa.

"Ukaunusa," shangazi akarudia taratibu. "Kwa ajili ya nini, mkwe?"

"Kujua kama ni wa kweli."

"Meku," mshenga akadakia, akiniita mzee kwa Kichaga huku akisogeza kiti chake nyuma kidogo, "wa kweli kivipi?"

Nikageuza uso nimtafute mtu wa upande wangu, nikamwona binti yangu amesimama kwenye mlango wa jikoni ameshika sinia la vikombe. Alikuwa ananikodolea macho. Shangazi alikuwa anataka jibu, lakini mtoto wangu alilitaka zaidi kuliko yeye. Ile mvua ya Krismasi ikanirudia yote.

"Siku ile tulipokwama," nikamuuliza mbele ya watu wote, "ulilikataa kwa sababu hiyo?"

Aliweka sinia chini.

"Nilianza kuyasikia nikiwa darasa la nne, baba. Watoto waliniambia, siku akikuvika usikubali. Nilijua ni ujinga. Hata siku ile nilijua." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini wewe ulipolivua na kunijia nalo, nikaogopa. Ningekwambia nini?"

Sijawahi kuumia namna ile. Maisha yangu yote nimewashuku wenye maduka, mafundi, wateja wa mlango wa nyuma, na chini ya bati langu mwenyewe mwanangu alikuwa amekua huku ananiogopa, anaweka umbali kati yake na mkono wangu. Nilitamani kukasirika na nikakosa wa kumkasirikia. Jani la sale lilikuwa linanitazama pale mezani.

Nikavua koti. Sikumsogelea mtu. Nililiweka mezani kando ya jani, nikarudi kukaa na shati langu.

"Hilo hapo," nikasema. "Lipelekeni kwa mchungaji, lichomeni, fanyeni mtakalo. Mwanangu tu msimwache kwa sababu yangu."

Mshenga alirudisha kiti chake nyuma tena mpaka kikagonga ukuta. Shangazi aliunyoosha mkono, akaurudisha mapajani. Kijana akainuka, nadhani alitaka kulishika yeye, lakini binti yangu alishafika. Alilinyanyua kwa ukosi, akaingiza mkono mmoja.

"Mama," mke wangu akamwita kwa sauti ndogo, kama alivyozoea kumwita toka utotoni.

"Hajanivika mtu," binti yangu akasema. Alikuwa anamwambia shangazi, lakini mimi ndiye aliyenitazama. "Nimevaa mwenyewe."

Akaingiza mkono wa pili. Mabega yake ni mapana kuliko nilivyodhani, au kitambaa kilikuwa kimefika mwisho wake. Tulisikia mlio, mshono wa mgongoni ukaachia kutoka kwenye ukosi mpaka kiunoni, polepole, na viraka vyangu vyote havikusaidia kitu. Koti lililokataa kuchanika miaka yote hiyo likachanika mgongoni mwa mwanangu, mbele ya wakwe.

Shangazi alijiziba mdomo kwa mkono. Mshenga alikuwa amefumba macho. Nje ng'ombe alilia zizini.

Binti yangu akaingiza mkono mfukoni, akapapasa, akautoa umejaa vumbi la njano. Akafungua kiganja ili wote waone.

"Pumba," alisema. "Za mpunga."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha sokoni, kilichochanganyika na aibu, na kikamwambukiza mshenga, kikamwambukiza kijana, ambaye alikwenda kusimama kando ya mchumba wake na kushika ule mkono wenye pumba. Mke wangu alikuwa analia na kucheka pamoja. "Aika mbe," shangazi akanishukuru mara nyingi, akipokea chai, akipanga papo hapo siku ya kuja kuzungumzia mahari, akiapa kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuyaamini maneno ya watu.

Mimi sikucheka. Koti nililichagua mwenyewe, uzi wake niliuchoma mwenyewe, na bado nilikuwa nakitazama kifua cha mwanangu nione kama kinapanda na kushuka.