Achari ya Mama Josia

Selestini alikuwa fundi cherehani pale Bariadi, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa injini ya duka. Sare za shule, magauni ya kwaya, viraka vya suruali za bodaboda, vyote vilitegemea unyayo ule juu ya pedeli. Kwa hiyo kidole gumba cha mguu huo kilipotoa kidonda kisichotaka kupona, na nesi Goodness wa kliniki ya kisukari akasema sukari isiposhuka mguu utakatwa, Selestini hakungoja kuambiwa mara mbili.

Akaacha soda. Akaacha sukari kwenye chai. Akaacha michembe, na Msukuma akiacha viazi vyake vikavu ni kama kahama ukoo. Akabaki na kijilima cha ugali wa dona, majani, dagaa, na achari ya mkewe Milembe: kabichi, karoti na vitunguu kwenye siki, ndoo nzima. Hiyo aliila kama ana kesi nayo. Mboga ni mboga, siki ni chachu, nani atamlaumu?

Sukari haikushuka.

"Baba, unaiba nini?" Goodness aliuliza, akiikazia macho mashine ya kupimia.

"Niibe nini, mwanangu? Mwizi angalau anashiba. Mimi nakula majani kama ndama."

"Basi kuna mahali inaingilia."

Selestini akashuku dona ya mashineni. Akashuku dawa. Kote alipekua isipokuwa jikoni, maana jikoni haingii. Baba yake kule Mwamapalala hakuingia, babu yake hakuingia. Mwanaume anayefunua vyungu vya mkewe huchekwa hadi msibani kwake. Chakula kilimfuata sebuleni kimefunikwa, kama bibi harusi.

Siku mguu ulipovimba hata ndala ikagoma, alifunga duka mchana, akajikokota nyumbani kutafuta maji ya vuguvugu ya kuoshea kidonda. Aliita, redio ikamzidi sauti. Akaingia jikoni.

Milembe alikuwa ameinamia sufuria ya siki, anamimina sukari. Si kijiko. Kikombe.

"Mama Josia! Nini hiyo?"

"Wewe! Umefuata nini huku?" Milembe aliona aibu kwanza, ya mwanaume jikoni. "Si achari yako."

"Na hicho kikombe?"

"Sukari, ya kukata ukali. Bila hiyo utaweza kuimeza?"

"Mimi nimekatazwa sukari, Milembe."

"Umekatazwa ya chai! Nimeitoa, hata kwenye uji siweki. Hii ikiingia kwenye siki inakufa. Mama alitufundisha hivyo. Umewahi kuonja achari ukasikia soda?" Ndipo akauona mguu. Kikombe kikabaki hewani. "Ulikuwa unasukuma sahani, baba. Achari tu ndiyo uliyomaliza. Nikawa naongeza."

Selestini alikitwaa kile kikombe, akakiweka chini. Miezi yote ile angeuliza tu, mama, humu unaweka nini? Lakini swali hilo pia lilikuwa la jikoni. Akakaa kwenye kigoda cha mkewe, karibu na moto, kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Walimwaga ndoo nyuma ya choo. Asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa pale. Wao siki haikuwadanganya.

Baada ya hapo sukari ilishuka kweli, Goodness akafurahi. Kidonda hakikufurahi na mtu. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Siku hizi wanakaa wawili kwenye cherehani moja. Milembe anakanyaga, Selestini anaongoza kitambaa. Mshono unakwenda kama ng'ombe aliyekunywa pombe. Yusta wa kwaya amerudisha gauni lake, akasema kwa adabu kwamba ataangalia kwa fundi mwingine. Mchana wanakula dona na majani, hapo hapo dukani, na Selestini anamaliza sahani yote hata asipoisikia ladha, kwa sababu mkewe anamtazama.

Akichoka, Milembe hukanyaga kwa hasira, sindano ikakatika.

"Taratibu, mama," Selestini humwambia, akiokota kipande cha sindano. "Mguu wa kazi umebaki huo."