Jiwe Lililosuguliwa kwa Ajili ya Pasaka

Jua limeshachomoza lakini wauza mafuta bado hawajapanga mitungi yao. Euthalios anaweka jiwe lake dogo la mizani, la shaba, kwenye sahani moja, na sarafu mpya ya dhahabu kwenye nyingine. Sarafu inazama.

“Nzito hiyo!” anashangilia mchuuzi wa zafarani, mwenye sarafu.

“Sarafu mpya haizidi uzito wake, ndugu yangu,” anasema Euthalios, jasho likimtoka. “Jiwe langu ndilo limekonda.”

Euthalios ni mpima dhahabu wa soko la Apamea. Ujira wake ni sarafu chache za shaba, za kununulia mkate na zeituni. Jiwe jepesi hupitisha dhahabu iliyokwanguliwa kingo, na adhuhuri hii shemasi atalinganisha mawe ya wapimaji na yale yanayotunzwa kanisani. Likikataliwa, kibanda anapewa mwingine.

Mama mkwe wake, Domnina, aliyesimama kando ya kibanda, hana haya. “Nimelisugua kwa mchanga na siki. Pasaka hiyo imefika! Kila kitu nyumbani kinang’aa, mkwe, isipokuwa kazi yako.”

“Umelisugua kiasi gani, mama?”

“Mpaka nikauona uso wangu.”

“Basi umeula mshahara wangu!”

Malkhos, fundi shaba wa kibanda cha pili, anacheka hadi anashika mbavu. Kisha analibana jiwe, analichongea msalaba mwembamba, na kugongea uzi wa fedha ndani ya mchongo. Fedha ni nzito kuliko shaba. Anapima kwa ile sarafu mpya, anaongeza uzi, anapima tena.

“Usiguse, mama!” anafoka Euthalios, Domnina anapojaribu kulipangusa.

Adhuhuri, kanisani, mkono wa mizani unayumba, unasita, unatulia sawasawa. Soko zima, lililojazana mlangoni, linapiga vigelegele.

“Msalaba mzuri,” anasema shemasi. “Wazo la nani?”

“Langu,” anajibu Domnina.

Euthalios anacheka mpaka machozi. Kabla ya gulio la kiangazi, anasema, mawe yake yote yatakuwa na misalaba ya fedha. “Na sanduku. Lenye kufuli.”

Domnina hamsikilizi. Ameinama juu ya sanduku la mawe ya kanisa, amekunja uso.

“Baba shemasi, haya yenu mbona yamefubaa hivi? Siki mnayo?”

Shemasi anafunga kifuniko na kukikalia.